Paa ni Letu, Sola ni ya Nani?

Hebu vuta picha. Saa mbili usiku, Isaka. Malori ya Rwanda na Burundi yamejipanga kule bandari kavu, wewe umerudi kazini umechoka, mtoto yuko mezani na madaftari yake. Mara pa! Taa zimezima. Usiwalaumu Tanesco, maana hiyo ni sola iliyoko juu ya paa. Siku zilizolipiwa zimekwisha. Unampigia mumeo, yuko Rusumo na lori. "Mama watoto, subiri kidogo, mkataba uko kwenye laini yangu na huku mtandao unasumbua." Unakaa gizani, na kinachokuuma zaidi ni kwamba hela ya mwezi uliopita ulitoa wewe!

Mambo kama haya yanaweza kuleta maneno ndani ya nyumba. Kabla ya kugombana, tujiulize: ile sola ni ya nani hasa?

Mwenye mali ni kampuni

Sola ya kulipa kidogo kidogo ilishika kasi Tanzania miaka ya 2010, baada ya M-Pesa kuingia nchini 2008 na watu kuzoea kulipia vitu kwa simu. Kampuni inakuja na paneli, betri, taa, pengine na TV. Unatoa kianzio, halafu unaendelea kulipa. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe mpaka uulipie tena.

Mikataba iko ya aina mbili. Wa kwanza ni wa kununua polepole: ukimaliza deni, mtambo ni wako. Mobisol, kampuni iliyotoka Ujerumani, iliwapa wateja wake hadi miaka mitatu. Wa pili ni wa kulipia huduma tu, na mali inabaki ya kampuni. Off-Grid Electric ya Arusha, ambayo 2018 ilibadili jina kuwa Zola, ilianza kwa mtindo huo. Kwa hiyo usisaini kabla hujajua unasaini upi.

Kampuni nazo zinayumba. Mwaka 2019 Mobisol ilifilisika, na mwaka huohuo ikachukuliwa na Engie ya Ufaransa. Uliza mapema: mkikwama, nani atakuja kunitengenezea betri?

Na cheti cha nyumba ya kijani?

Kwa wale mnaojenga, kuna vyeti vya majengo yanayotunza mazingira. EDGE, cha IFC iliyo chini ya Benki ya Dunia, kinataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 upande wa vifaa vya ujenzi. LEED cha Marekani kina sharti jingine: kama sifa ya umeme wako wa jua imeshauzwa kwa mtu mwingine, jengo lako haliwezi kujipatia pointi kwa umeme huohuo. Kwa maneno mengine, paneli kuwa juu ya bati lako hakukupi haki zote. Mkataba ndio unaosema.

Sheria inasemaje kuhusu nyie wawili?

Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo mmoja, hadi ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mna haki sawa. Na mama wa nyumbani usijidharau: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya familia. Ila kumbuka, deni likiwa halijaisha, mnachoweza kugawana ni deni tu!

Kabla fundi hajapanda juu

• Ongeeni bei yote, siyo ya siku. Mia chache kila siku kwa miaka mitatu ni hela nyingi.
• Ombeni majina yote mawili yaandikwe. Ikishindikana, namba ya mteja iwe kwa wote, ili aliyeko nyumbani aweze kulipia.
• Mmepanga? Mwambieni mwenye nyumba kabla ya kutoboa bati, na muulize kampuni mkihama itakuwaje.
• Wekeni risiti zote, hata meseji za malipo.
• Kama mmoja anasafiri sana, kubalianeni nani analipa na tarehe ngapi.

Mwanamume anayemwachia mkewe namba ya mteja kabla ya safari hajapungukiwa heshima hata chembe. Ameacha taa inawaka, mtoto anasoma, na akipiga simu usiku kutoka Rusumo atapokelewa kwa sauti tamu. Jamani, mapenzi ya gizani ni matamu pale tu mlipozima taa wenyewe!