Goti Likipinda Kinyume

Tazama mlango wa nyumba yako. Bawaba huuruhusu kwenda upande mmoja tu. Ukiusukuma kinyume kwa nguvu, misumari hung'oka. Goti nalo ni hivyo hivyo.

Katika goti, mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Mbele ipo pia ya goti. Kano ngumu kama kamba huifunga mifupa hiyo. Mbili zimepishana ndani, kama msalaba. Hizo husaidia kuzuia mguu usipinde kinyume.

Je, huumiaje? Mama amejitwika debe la maji, anakanyaga shimo. Mtu anaruka toka kwenye lori, mguu umenyooka. Kijana anapiga mpira, anaukosa. Kano huvutika, pengine hukatika, na goti huvimba.

Tufanye nini? Mgonjwa apumzike, mguu uinuliwe. Goti liwekewe kitambaa cha maji baridi. Asikandwe wala asivutwe mguu. Akishindwa kukanyaga, aende zahanati.

Kumbuka: nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu. Wayo ukiwa wa baridi, au umekufa ganzi, msingoje kesho. Mfungeni vijiti, mpelekeni hospitali saa ile ile. Akicheleweshwa, anaweza kukatwa mguu.

Na mtoto ambaye goti lake hurudi nyuma kila akitembea, asifichwe nyumbani. Hapa Mlali kipo kituo cha watoto wenye ulemavu. Mpelekeni mapema.