Udahili wa Vyuo na Hadaa ya Mtu wa Ndani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapokwisha kutangazwa na madirisha ya maombi ya vyuo yanapofunguliwa, hunijia wazazi, baadhi yao kutoka Kiomboi na Manyoni, wengine wa hapa hapa Singida mjini, na wote huleta swali lile lile: "Mwalimu, kijana wetu ana divisheni wani, ameachwa, mtoto wa jirani ana divisheni tuu, kachukuliwa, basi na sisi tumwone nani?" Nimekwisha kulijibu kwa upole, nikalijibu kwa ukali, na mara nyingine nikalinyamazia, na madhali halikomi, leo nalijibu kwa maandishi, nikimchukulia msomaji kuwa ni mtu ajuaye tahasusi ni nini na asiyehitaji kusimuliwa asili ya vyuo vikuu tangu enzi za Adamu.

Swali hilo limejengwa juu ya kosa la hesabu, na juu ya kosa hilo la hesabu umejengwa uchumi mzima wa walaghai.

Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B kuwa 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Hujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi, na yeyote aliyepata kuanzia 3 hadi 9 humwita wa daraja la kwanza, na aliyepata 10 hadi 12 wa daraja la pili. Tume ya Vyuo Vikuu, kwa upande wake, hupima kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa Baraza mwenye kidogo ndiye mbora. Kwa Tume mbora ni mwenye kingi. Na kwa kuwa C imeangukia 3 katika mizani zote mbili, kijana mwenye C tatu hujikuta ana pointi 9 huku na pointi 9 kule, mzazi wake akadhani kuwa ni tisa moja, ilhali tisa ya Baraza ni ukingo wa mwisho kabisa wa daraja la kwanza, na tisa ya Tume imetengana kwa pointi sita nzima na 15 za mwenye A tatu. Wote wawili, mwenye A tatu na mwenye C tatu, wamechinjiwa kuku kwa sababu ya "divisheni wani". Daraja ni gunia tu, na mwenye kinu cha alizeti mkoani kwetu hatoi bei kwa kulitazama gunia, bali hulifungua akachota mbegu.

Sasa tumfungue huyo mtoto wa jirani. Tuseme amesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, akapata B, B na S: kwa Baraza ana pointi 10, naye ni wa daraja la pili. Kijana wetu amepata C, C na C: pointi 9, daraja la kwanza. Wote wameomba shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili, na chuo kikiwapanga waombaji kwa masomo hayo mawili, jirani ana 8 na kijana wetu ana 6. Lau chuo kingehesabu masomo yote matatu, kijana wetu angetangulia kwa nusu pointi, 9 dhidi ya 8 na nusu. Kwa hiyo swali la maana lilikuwa ni masomo gani yanayohesabiwa katika programu ile, nalo hujibiwa na mwongozo wa udahili ambao Tume huutoa kila mwaka, na ambao katika wazazi wote walionijia ni wachache mno waliowahi kuufungua.

Kadhalika mambo ya udaktari. Mwenye C tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia anazo sifa za kuomba Muhimbili. Kupata ni jambo jingine, kwa kuwa kila programu ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa, na foleni yake imejaa watu wenye A. Sifa ya chini kabisa ya kuingia shahada, yaani kufaulu masomo mawili kwa jumla isiyopungua pointi 4, ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni, wala haikuwahi kuwa ahadi ya kiti.

Hapo ndipo mtu wa ndani anapobisha hodi. Huwa ana suti, ana simu mbili, na ana "ndugu yangu kabisa pale Tume". Bidhaa anayoiuza haipo ghalani. Ni kweli kwamba tangu 2010 palikuwa na mfumo wa pamoja, ambao waombaji wa nchi nzima walipitia Tume na Tume ikawapanga vyuoni. Lakini mfumo huo ulikomeshwa mwaka 2017, na tangu hapo mwombaji huomba chuoni moja kwa moja, chuo chenyewe huchagua, na Tume hubaki na kazi ya kuhakiki kwamba aliyechaguliwa anastahiki. Ndugu wa Tume, hata angekuwapo, hana kiti cha kumpa mtu. Na ndugu wa chuoni, ambaye sitaapa kwamba hayupo, maana sisemi kwamba nchi hii haina rushwa, hawezi kuigeuza E kuwa B, kwa sababu namba ya mtihani ya kijana huyatoa matokeo yake Baraza, si mfukoni mwa mtu.

Mbona basi wengine huapa kwamba aliwasaidia? Kwa sababu biashara yake haihitaji uwezo wowote. Hupokea fedha za watu kumi ambao, kwa alama zao wenyewe, baadhi wangechaguliwa hata kama yeye angelala usingizi mwezi mzima. Waliochaguliwa huwachukulia fedha na shukrani. Walioachwa huwarudishia sehemu, akiwaambia kwa huzuni kwamba safari hii "mambo yamekaza", nao humsifu kwa uaminifu na mwakani humletea mdogo wa yule kijana. Vitunguu vya msimu mzima vimeuzwa ili kulipia jambo ambalo lingetokea bure. Nakiri kwamba mbele ya habari hii subira yangu ni fupi.

Dhuluma ipo, walakini haipo pale wanapoitafuta. Nchi hii imekwisha kujaribu vipimo vingine vya ustahiki. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha aingie chuo kikuu kwa sifa za mwajiri na za tawi la chama; nia ilikuwa njema, lakini idadi ya wasichana ilishuka hata ikalazimu waruhusiwe kuingia moja kwa moja, na mwenye kuandika barua ya sifa akawa ndiye mlinzi wa mlango. Nafasi za sekondari nazo ziligawanywa kwa mikoa, ili iliyotangulia kwa shule za misheni isizimeze zote. Leo tumebaki na alama za mtihani, nami nazitetea kwa kuwa hazijui nasaba. Ila sithubutu kuziita insafu kamili, maana mtoto aliyesoma Fizikia kwa miaka minne bila mwalimu wa Fizikia katika shule ya kata huko Mkalama au Itigi hupimwa kwa karatasi ile ile ya mtoto aliyekuwa na maabara na masomo ya ziada ya jioni. Huyo ameachwa nyuma tangu kidato cha pili, wala hakuna aliyekuja kuniuliza tumwone nani.

Haya, ya kutenda, kwa haraka. Soma mwongozo kabla ya kuomba, uchague programu kwa alama ulizonazo badala ya jina la chuo. Ukiombewa stashenari, hakikisha namba ya simu na barua pepe ni zako, kwa kuwa aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na wako waliopoteza nafasi kwa sababu namba hiyo ilifika kwenye simu ya mwenye duka. Ukiachwa dirisha la kwanza, omba la pili; programu nyingi hubaki na nafasi. Pointi zikipungua, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au soma stashahada, kisha uombe shahada kwa wastani usiopungua 3.0; kwa hiyo stashahada, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapa Singida. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo hapa, na programu yake ya msingi ipo kwa ajili ya waliokwama. Mtu mzima mwenye ujuzi wa kazi aulize Tume habari za kutambuliwa kwa mafunzo ya awali. Mkopo ni wa Bodi ya Mikopo, una maombi yake na tarehe zake, na hutazama uhitaji. Kuchaguliwa chuo hakumpi mtu mkopo, na anayesubiri majina ya vyuo ndipo aanze kutafuta cheti cha kifo cha baba atakuta dirisha limefungwa.