Chanzo cha Mafuriko ya Vuli Kiko Bahari ya Hindi

Mvua za vuli zinapozidi kiasi, Watanzania na Wakenya huilaumu El Niño. Lawama hiyo ina msingi, maana vuli ya 1997 ilileta mafuriko makubwa wakati Bahari ya Pasifiki ilipokuwa na joto kupita kawaida. Lakini mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali vilevile, Kenya ikajiandaa kwa gharika, na mvua haikufikia matarajio. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali yake ya kawaida, na bado mafuriko yalitapakaa Afrika Mashariki, na maporomoko ya udongo yakaua watu wengi Pokot Magharibi. El Niño peke yake haielezi miaka hii miwili. Bahari yetu wenyewe inaieleza vizuri zaidi.

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijakaza, na ukanda ambamo pepo za kaskazini hukutana na za kusini ukipita juu yetu kuelekea kusini. Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi yenye joto zaidi huwa upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko, humwaga mvua huko huko, kisha husafiri juu angani na kushuka upande wa Afrika. Na hewa inayoshuka hainenepeshi mawingu. Hiyo ni sababu mojawapo ya Garissa, iliyo karibu kabisa na ikweta, kuwa kavu. Miaka mingine pepo za mashariki hukaza kwenye ikweta, zikasukuma maji ya joto kuja kwetu, huku maji baridi yakiibuka karibu na Sumatra. Hapo mzunguko hugeuka: hewa iliyojaa unyevu hupanda upande wetu. Wanasayansi waliieleza hali hii mwaka 1999 na kuiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Ile ya 2019 ni miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa, na mwaka huohuo Australia ilikauka na misitu yake ikaungua.

Wapo watakaosema mafuriko ni matokeo ya mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa mabondeni. Kuhusu ukubwa wa hasara, wamesema kweli tupu. Hata hivyo, vuli ya 1961, mwaka mwingine wa daipoli usio na El Niño, ilianzisha kupanda kwa Ziwa Victoria kwa takriban mita 2 katika miaka michache, na ziwa hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayoliangukia moja kwa moja. Huko hakuna mtaro wa kulaumiwa. Na kadiri hewa inavyopata joto ndivyo inavyobeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo daipoli ileile inaweza kumwaga mvua nyingi kuliko zamani. Dalili zake mara nyingi huwa zimeanza kuonekana kufikia Agosti, wiki kadhaa kabla ya vuli, na muda huo unatosha kuzibua mitaro na kuzihamisha familia zilizo mabondeni.