Ndege za Kivita Zipaazo Wima na Mwambao wa Rumonge

Askari yeyote aliyepata kufanya doria baina ya Bujumbura na Rumonge anaijua shida ya mwambao wetu: huku ziwa, huku milima, na katikati ukanda mwembamba wa michikichi wenye barabara moja. Jeti ya kivita ya kawaida haina pa kutua hapo. Hapana budi irejee Bujumbura, kwenye njia ya kurukia yenye meta 3,600.

Shida hiyo si ngeni ziwani. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za Short zenye kuelea majini, zikapaa kutoka karibu na Kalemie ya leo na kuipiga Kigoma kwa mabomu, maskani ya meli ya Wajerumani ambayo baadaye iliitwa Liemba.

Waingereza walikuja na jibu jingine. Oktoba 1960 ndege yao ya majaribio, Hawker P.1127, iliinuka wima ikiwa bado imefungwa ardhini. Ndiyo iliyozaa Harrier, iliyoingia jeshini mwaka 1969. Injini yake, Pegasus, ina midomo minne igeuzwayo: ikielekezwa chini ndege huinuka, ikielekezwa nyuma huenda mbele. Katika vita vya Falklands mwaka 1982, Sea Harrier ziliangusha ndege zipatazo 20 za Argentina, wala hakuna iliyoangushwa na ndege ya adui.

Walakini tusihadaike. Ndege ipaayo wima hubebwa na injini peke yake, kwa kuwa mabawa bado hayajapata upepo. Uzito ukizidi msukumo, haibanduki. Na hewa ya joto, kama ile ya mwinukoni, ni nyepesi. Injini ikiivuta hupungukiwa nguvu. Wasovieti waliyaona hayo Afghanistan mwaka 1980, ambako Yak-38 zao zilibeba silaha chache mno. Ziwa Tanganyika liko meta zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na jua la adhuhuri la Rumonge halihitaji maelezo yetu! Hapo rubani angelazimika kuacha mabomu au mafuta. Waingereza wenyewe walizoea kuikimbiza Harrier kidogo kabla ya kupaa, kisha kutua wima ikiwa nyepesi.

Kwa mwambao huu, ambao mwaka 2024 maji ya ziwa yalifurika hadi ndani ya mji wa Rumonge, sisi tungechagua helikopta. Panga lake refu husukuma hewa nyingi polepole, kwa hiyo huinua mzigo kwa nguvu ndogo kuliko jeti, tena hushusha majeruhi na askari mahali popote penye uwazi.