Baada ya Stashahada: Kuanza Kazi ya Ushauri Nasaha



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita alitujia nyumbani binti mmoja wa hapa hapa Berchem-Sainte-Agathe, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na stashahada ya ushauri nasaha aliyoisomea Nairobi kwa miaka miwili, kabla ya kumfuata mumewe huku Ubelgiji. Baada ya kuamkiana alitueleza haja yake: "Mwalimu, nimepata chumba cha kukodi karibu na uwanja wa Schweitzer. Nataka kutundika kibao mlangoni nianze kazi. Niandike nini?"

Swali lilikuwa fupi, lakini jibu lake lilituchukua alasiri nzima. Kwa kuwa tunawajua vijana wengine wenye vyeti kama hicho, tumeona si vibaya tukiyaandika hapa yale tuliyozungumza.

Kwamba kazi hii inahitajika, hilo halina ubishi. Kwetu, mume na mke wakikosana, hukutana wazee wa pande mbili. Msichana ana somo wake, na kijana ana mjomba wake. Huku wazee wamebaki kwenye simu, na mambo mengine hayasemeki kwa simu. Kuna mama asiyepata usingizi kwa kungoja karatasi za ukaazi. Kuna baba anayemsemesha mwanawe kwa Kiswahili naye akajibiwa kwa Kifaransa, hata mazungumzo yakafa. Hawa hawasemi kwamba ni wagonjwa. Husema tu, "Nina mawazo," au, "Kichwa kinanigonga." Daktari huandika dawa ya kichwa, nao hurudi nyumbani na mawazo yao yale yale.

Tena si lazima kila msaada utoke kwa wenye shahada kubwa. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nalo ni ndugu wa "mawazo" yetu. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Lakini tuangalie jambo moja: mabibi wale hawakuachwa peke yao. Walifundishwa, wakasimamiwa, na aliyezidiwa walijua wampeleke kwa nani.

Sasa tukirudi kwenye kibao cha binti yetu. Nchi hii ina sheria zake juu ya majina ya kazi. Jina la mwanasaikolojia linalindwa kwa sheria ya tarehe 8 Novemba 1993, na asiyestahiki hana ruhusa ya kujiita hivyo. Tiba ya nafsi kwa mazungumzo, yaani saikotherapia, iliwekewa mipaka kwa sheria ya tarehe 10 Julai 2016. Anayetaka kuianza leo kwa mamlaka yake mwenyewe sharti awe daktari, au mwanasaikolojia wa tiba, au mtaalamu wa malezi ya tiba, tena aongeze mafunzo maalumu na miaka miwili ya kazi chini ya uangalizi. Jina la mshauri, kwa upande mwingine, halikufungwa namna hiyo. Kwa hiyo binti yetu aweza kuandika "mshauri" bila kuvunja sheria, lakini asiahidi kutibu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: neno moja la kujipamba kwenye kibao laweza kumletea mgonjwa mahututi ambaye hana uwezo wa kumsaidia, na kumletea mwenyewe mashtaka.

Hatua ya pili ni kuipeleka stashahada ikalinganishwe na vyeti vya hapa. Kwa Kifaransa, maombi hupelekwa kwenye idara ya ulinganisho ya Fédération Wallonie-Bruxelles. Kwa Kiholanzi, hupelekwa NARIC-Vlaanderen. Pamoja na cheti huhitajika orodha ya masomo na alama zake, basi mwenye kutoka nyumbani asiiache karatasi hiyo kabatini. Jibu likiwa si la kuridhisha, mlango haujafungwa. Shule za jioni za watu wazima hufundisha, kwa Kifaransa, fani ya ushauri wa ndoa na familia, na wahitimu wake huajiriwa hata katika vituo vya uzazi wa mpango. Vituo hivyo, tofauti na wanavyodhani baadhi yetu, hushughulikia pia ugomvi wa wanandoa. Njia nyingine ni kuwa mpatanishi wa tamaduni hospitalini, mtu anayesimama baina ya mgonjwa na daktari wasioelewana lugha wala desturi.

Mwenye kutaka kujitegemea naye asiiache kwa haraka kazi inayomlisha. Sheria inamruhusu aliyeajiriwa angalau nusu ya saa za kawaida kujiandikisha kuwa mfanyakazi wa kujitegemea kwa kazi ya ziada. Ajiandikishe kwa njia halali, alipe michango yake, na akate bima ya dhima ya kazi.

Yote hayo ni mambo ya karatasi, na karatasi hupatikana kwa subira. Lipo moja lisiloandikwa kwenye cheti chochote, nalo ni siri. Hapa hatuna budi kujitolea mfano sisi wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukisomesha sekondari huko pwani, mwanafunzi wetu mmoja alitueleza jambo zito la nyumbani kwao. Tukataka kumsaidia. Tukamwendea mjomba wake, mtu tuliyemjua kwa busara, tukamweleza. Kabla ya sala ya Isha habari ilikwisha zunguka mtaa mzima. Kijana yule hakutuambia neno. Aliacha kututazama usoni, na muhula haukwisha ila naye aliacha shule. Nia yetu ilikuwa njema, lakini ulimi wetu haukufunzwa. Mpaka leo, na mvi hizi, hatujapata nafasi ya kumwomba radhi.

Jamii yetu hapa Brussels ni ndogo kuliko mtaa ule. Tunaonana msikitini, tunaonana harusini, tunaonana Basilix tukisukuma vigari vya bidhaa. Mama akihisi kwamba aliyoyasema Jumanne yanajulikana Ijumaa, hatarudi, na wala hatakwenda kwa mshauri mwingine. Sheria ya jinai ya nchi hii humwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Kwetu sisi siri ni amana kabla ya kuwa sheria. Kuna hali chache ambapo mshauri huruhusiwa kusema, mathalan mtoto akiwa hatarini, na hilo humweleza mteja siku ya kwanza, asije akahisi amesalitiwa.

Basi tulimshauri binti yetu hivi: asiwape ushauri jamaa zake wala mashoga zake, bali awapeleke kwa mwingine. Mama mkwe akiuliza nani alikuja leo, amjibu kwa heshima kwamba hawezi kusema. Akikutana na mteja njiani, angoje asalimiwe kwanza. Tena awe na mtu mzoefu wa kumsimamia, maana msikilizaji naye hulemewa. Akiona jambo limemzidi, amwelekeze mteja kwa daktari bila kuona haya.

Binti yetu hajatundika kibao. Amepeleka karatasi zake zikalinganishwe, na kwa kuwa Kifaransa chake ni kizuri, ameomba kujitolea kwenye simu ya Télé-Accueil, nambari 107, ambako wanaojitolea hufunzwa kwanza na anayepiga hatakiwi kutaja jina. Wanaosema Kiholanzi wana nambari yao, 106. Nasi tunawaombea wasomaji waziandike nambari hizo karibu na simu, kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alipokuwa akiondoka alituuliza kama tumemvunja moyo. La hasha. Chumba cha kukodi kitapatikana tena. Jina la mtu anayejua kutunza siri, likishapotea, halikodishwi popote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amfungulie binti yetu na wenzake milango ya kheri, na atupe sote masikio ya kusikiliza na ndimi za kuhifadhi amana. Amin.