Je, Wajua? 13,125,888, Namba ya Mpakani Koboko

Je, wajua kwamba wilaya ya Koboko, kaskazini mwa Arua nchini Uganda, inapakana na nchi mbili? Magharibi ni Kongo, kaskazini ni Sudan Kusini. Ndiyo maana namba za simu za mfanyabiashara wa huko huweza kuanza na 256 ya Uganda, 243 ya Kongo au 211 ya Sudan Kusini. Zizidishe zote tatu, utapata 13,125,888.

Je, wajua kwamba 256 imejengwa kwa 2 tupu? Anza na 2 uende ukiongeza maradufu: 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Kompyuta, ambayo hesabu zake zote ni 0 na 1, inaishi na namba hii: baiti moja hupangika kwa namna 256, haizidi hata moja.

Na 243? Imejengwa kwa 3 tupu: 3, 9, 27, 81, 243.

Lakini 211 ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakikisha mwenyewe: igawe kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kila mara kutakuwa na baki. Usihangaike na 17, maana 17 mara 17 ni 289, umeshaipita. Ajabu zaidi, toa 32 kwenye 243 na utaipata 211 hiyo hiyo. Yaani 3 tano zilizozidishwa pamoja, ukitoa 2 tano zilizozidishwa pamoja.

Je, wajua kwamba 256 na 243 zilikutana katika muziki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita? Plato aliutaja uwiano wake katika kitabu cha Timaeus. Chukua nyuzi mbili za unene mmoja, zilizokazwa sawa, mmoja wa milimita 256 na mwingine wa 243. Ule mfupi utalia juu kidogo, pungufu kidogo ya nusu toni ya piano.

Tukirudi kwa 13,125,888: kwa kuwa hakuna mbili kati ya zile tatu zenye kigawo cha pamoja isipokuwa 1, zao lao ndilo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) yao pia. Na vigawo vyake ni 108. Mbili zilizomo ni nane, tatu ni tano, 211 ni moja. Ongeza 1 kwa kila idadi, uzidishe: 9 × 6 × 2.

Je, wajua kwamba majirani wa 256 nao si haba? 255 ya Tanzania ni 3 × 5 × 17, na 257 ya Burundi ni namba tasa. Hizo nne, 3, 5, 17 na 257, pamoja na 65,537, ndizo namba tasa za Fermat (zile zipatikanazo ukiongeza 1 kwenye 2, 4, 8, 16 na kuendelea maradufu) zinazojulikana duniani. Ya sita hajaipata mtu.