Filta ya rola: Mashine inayozoa uchafu tangini kabla haujaua matumbawe

Anayefuga matumbawe nyumbani ana kazi moja isiyoisha: kutoa uchafu.

Samaki anakula, anajisaidia, chakula kingine kinabaki, na maji ni yaleyale. Baharini kuna mawimbi na mikondo ya kubeba taka hizo. Tangi la lita 300 lililowekwa sebuleni halina msaada huo.

Kwa miaka mingi wafugaji wamekuwa wakiutoa uchafu huo kwa mkono. Siku hizi wengi, hasa Ulaya na Marekani, wanaiachia mashine inayoitwa filta ya rola.

Lakini je, inafanyaje kazi? Na kwa nini wengine wanasema inasafisha maji hadi inavuka mipaka?

Kwa nini uchafu ni hatari?

Mabaki ya chakula na kinyesi yakikaa majini, bakteria huyaozesha. Kwanza inatoka amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wengine wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati. Mabaki hayohayo yanaacha pia fosfati.

Kwenye tangi lililokomaa, amonia na nitriti hazikai muda mrefu kwa sababu bakteria wanaoishi kwenye mawe wanazimaliza. Zinazobaki ni nitrati na fosfati, na hizo hujikusanya wiki baada ya wiki.

Zikizidi, mwani unashamiri na kufunika mawe. Matumbawe yenye rangi za kuvutia yanaanza kuwa ya kahawia, kwa sababu vijimwani vinavyoishi ndani ya mwili wake vinaongezeka kupita kiasi. Fosfati nyingi pia inalizuia tumbawe kujenga mifupa yake ya chokaa.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Tumbawe lililochukua miaka kukua linaweza kufa ndani ya siku chache.

Na hasara hiyo si ya mfukoni tu. Samaki wengi wa maji ya chumvi wanaofugwa majumbani bado huvuliwa baharini, wakiwemo wanaokamatwa na wapiga mbizi wa pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege kwenda nje. Matumbawe hai mengi hutoka Indonesia, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kila kinachokufa tangini kutokana na maji machafu hufungua nafasi ya kingine kutolewa baharini.

Soksi na tatizo la chujio la chai

Kabla ya rola, kifaa kilichozoeleka zaidi ni soksi ya filta. Huu ni mfuko wa kitambaa unaowekwa pale maji yanaposhuka kutoka tangi kuu kwenda tangi dogo la chini, ambako vifaa vya kusafishia hufichwa.

Soksi inakamata uchafu vizuri. Shida ni kwamba inaushikilia hapohapo.

Fikiria chujio la chai. Ukiyaacha majani ndani yake na kuendelea kumimina maji ya moto, rangi inaendelea kutoka. Ndivyo ilivyo kwa soksi: kinyesi kimenaswa, lakini maji yanaendelea kukipitia na kuyayeyusha yale yaliyomo. Baada ya siku kadhaa uchafu huo umeshaoza na umerudi tangini, safari hii hauonekani kwa macho.

Ndiyo maana soksi inatakiwa kubadilishwa kila baada ya siku mbili hadi nne. Ukweli ni kwamba watu wengi huchoka. Soksi ikiziba, maji yanapita juu yake na uchafu wote unaendelea na safari.

Rola inafanyaje kazi?

Wazo lake ni rahisi. Badala ya mfuko mmoja unaosubiri kufuliwa, kuna jora refu la kitambaa chepesi cha kuchujia, linalojikunja lenyewe kidogo kidogo.

Hatua zake ni hizi:

1. Maji machafu yanaingia kwenye kisanduku cha filta na kupenya kwenye kitambaa. Uchafu unabaki juu ya kitambaa, maji safi yanatoka upande wa pili.

2. Kitambaa kikianza kuziba, maji hayapiti kwa kasi ileile. Kina chake kinapanda ndani ya kisanduku.

3. Boya au kihisi kinagundua maji yamepanda na kuiamsha mota.

4. Mota inakunja sehemu chafu kwenye rola ya juu, nje ya maji. Wakati huohuo, kitambaa safi kinavutwa kutoka kwenye jora.

5. Maji yanapita vizuri tena, kina kinashuka, mota inazima.

Mzunguko huu unajirudia mara nyingi kwa siku bila mtu kugusa chochote. Jambo la msingi ni hatua ya nne: uchafu unatolewa majini kabisa, mara nyingi kabla haujapata muda wa kuoza.

Kampuni ya Theiling ya Ujerumani ni miongoni mwa zilizotangulia, na kifaa chake kinaitwa Rollermat. D-D ya Uingereza inauza ClariSea, na Red Sea inauza ReefMat.

Jambo ambalo rola haiwezi

Rola inakamata vitu vigumu tu. Nitrati au fosfati ikishayeyuka majini, inapenya kitambaa kama vile hakipo.

Kwa hiyo haiondoi haja ya kubadilisha maji, wala haichukui nafasi ya mawe yenye bakteria. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu kwa viputo vya hewa, bado ina kazi yake: inatoa taka zilizoyeyuka na inaingiza oksijeni. Ila mwenye rola asishangae kikombe cha mashine hiyo kikichelewa kujaa. Sehemu ya uchafu imeshachukuliwa njiani.

Maji yakiwa safi kupita kiasi

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Matumbawe hayahitaji maji yasiyo na kitu kabisa. Yanahitaji nitrati na fosfati kidogo, pamoja na chembechembe za chakula.

Wafugaji wengi hulenga nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Zote mbili zikishuka hadi sifuri, matumbawe hupauka na kudhoofika. Tangi pia linaweza kuvamiwa na dinoflajeleti, viumbe vidogo sana vinavyotanda juu ya mawe na mchanga kama makamasi ya kahawia. Kuviondoa ni kazi ngumu kuliko kuondoa mwani wa kawaida.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa tangi jipya lenye samaki wachache. Rola yenye nguvu hapo inazoa hata kile kidogo kilichopo, wakiwemo wadudu wadogo wa majini ambao ni chakula cha samaki na matumbawe.

Suluhisho si lazima kuitoa. Unaweza kuongeza chakula, au kuzima pampu inayorudisha maji juu kwa dakika 15 hadi 30 wakati wa kulisha, ili matumbawe yale kwanza kabla chakula hakijafika kwenye kitambaa.

Gharama haziishii dukani

Kifaa chenyewe ni ghali kuliko soksi, na jora linaisha. Hesabu yake si ngumu: jora la mita 30 kwenye tangi linalotumia sentimita 30 kwa siku litamaliza siku 100. Samaki wakiongezeka na matumizi yakafika sentimita 60, ni siku 50 tu.

Soksi unafua na kurudisha. Kitambaa cha rola unakitupa, na mara nyingi kimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki.

Taarifa kwenye simu

Baadhi ya rola za kisasa huunganishwa na simu kupitia programu. Zinaonyesha kitambaa kiasi gani kimetumika leo na kilichobaki kitaisha lini.

Takwimu hiyo ina faida kuliko inavyoonekana. Tangi likiwa limezoea sentimita 30 kwa siku, halafu ghafla likatumia mita nzima, kuna jambo. Huenda mtu amelisha kupita kiasi, au kuna kiumbe kimefia nyuma ya mawe na kinaoza. Aliye safarini anaweza kumpigia jirani akaangalie mapema.

Kabla ya kununua, angalia haya

- Nafasi: Pima tangi la chini. Rola inahitaji kimo, na lazima uweze kutoa jora chafu bila kubomoa vitu.

- Kasi ya maji: Linganisha uwezo wa rola na pampu yako. Rola ndogo kwenye pampu kubwa itamaliza kitambaa haraka.

- Njia ya dharura: Jora likiisha au mota ikigoma, maji yapate pa kupita bila kumwagika sakafuni. Jaribu njia hiyo mwenyewe kabla ya kusafiri.

- Majora ya akiba: Hakikisha yanapatikana unapoishi. Jora likiisha na huna jingine, umebaki na kisanduku kitupu.

- Vipimo: Pima nitrati na fosfati kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo. Zikishuka haraka, ongeza chakula kabla matumbawe hayajaanza kupauka.